Nyumba Imehukumiwa, Mtu Bado Yumo Ndani: Kisa cha Mpangaji na Halmashauri ya Salford

Mwaka 1974 mama mmoja, mpangaji katika mji wa Salford ulio ubavuni mwa Manchester, aliishtaki halmashauri ya mji wake mbele ya hakimu. Alisema nyumba anayoishi inadhuru afya, na kwamba mwenye nyumba alazimishwe kuiondoa hali hiyo. Mwenye nyumba alikuwa halmashauri yenyewe. Ndiyo iliyoajiri mabwana afya wa mji, ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kuwaandikia notisi wenye nyumba wengine, na ndiyo iliyokuwa imekwisha kutamka rasmi kwamba nyumba za eneo lile hazifai kukaliwa na binadamu.

Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi hadi Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza enzi hizo, na mwaka 1975 halmashauri ikashindwa. Naichambua kwa sababu inafichua jambo ambalo takwimu za nyumba zilizobomolewa na kujengwa haziwezi kulionyesha: maisha ya mtu anayebaki ndani ya nyumba baada ya serikali kuandika kwamba nyumba hiyo haifai. Kuandika kulichukua siku moja. Kukaa humo kulichukua miaka.

Tuanze na nyumba. Ubovu uliothibitishwa mahakamani ulikuwa wa kila aina: unyevu, paa linalovuja, madirisha mabovu, lipu iliyobanduka, sakafu mbovu, choo chenye kasoro, na mitaro isiyozibwa iliyokuwa ikiwaruhusu panya kuingia. Anayezijua nyumba za wafanyakazi wa viwandani za kaskazini mwa England atajua kwamba ubovu wa namna hii huenda pamoja. Nyingi zilijengwa karne ya 19 kwa safu, ukuta mmoja ukishirikiwa na nyumba mbili, na zile kongwe hazikuwekewa tabaka la kuzuia maji ya ardhini yasipande ukutani. Tofali linanyonya maji kutoka chini, lipu inavimba na kuanguka, mbao za sakafu zinaoza pale zinapogusa ukuta, na chumba cha chini hakikauki hata moto ukiwaka mchana kutwa.

Kisha inakuja bomoa bomoa, na hapo hali inakuwa mbaya kwa kasi. Nyumba ya jirani ikibomolewa, ukuta uliokuwa wa ndani unabaki wazi kwenye mvua na upepo, nao haukujengwa kwa ajili hiyo. Mtaro wa nyumba iliyoondoka usipozibwa, panya wanapata njia ya moja kwa moja hadi jikoni kwa aliyebaki. Nyumba tupu zinang'olewa madini ya risasi yaliyo paani na mabomba ya shaba, na maji yanayomwagika huko hayaheshimu mpaka wa ukuta. Kwa hiyo mtaa uliokuwa mbovu kabla ya kuhukumiwa unakuwa mbovu zaidi kwa sababu umehukumiwa. Mtu ambaye mwaka 1960 alikuwa na paa linalovuja, mwaka 1970 ana paa linalovuja, ukuta uliolowa na panya, na kodi bado analipa.

Halmashauri ilifikaje kuwa mwenye nyumba wa mahali kama hapo? Jibu linaanzia kwenye vita. Mwaka 1939 serikali ilizuia kodi za nyumba nyingi zisipande, na zuio hilo likaendelea kwa miaka mingi baada ya 1945 huku bei ya mbao na ujira wa mafundi vikipanda. Mwenye nyumba aliyekuwa anapokea shilingi chache kwa wiki hakuona sababu ya kulipia paa jipya. Vifaa vya ujenzi vilikuwa haba, na hadi 1954 ujenzi ulihitaji leseni. Ubomoaji wa mitaa mibovu, uliokuwa umeshika kasi miaka ya 1930, ulisimama. Nyumba ambazo zilikwisha kupangiwa kubomolewa kabla ya vita ziliendelea kuzaa watoto na kuzika wazee.

Birmingham ilikuwa ya kwanza kuchukua hatua kubwa. Chini ya mhandisi wa jiji Herbert Manzoni, jiji hilo lilinunua kwa lazima, mwishoni mwa miaka ya 1940, maeneo matano ya katikati yenye nyumba zinazokaribia 30,000, likijua wazi kwamba haliwezi kuzibomoa zote kwa wakati mmoja. Likazikarabati kiasi cha kuzuia mvua, likakusanya kodi, likasubiri zamu. Serikali kuu ilipenda mfano huo. Mwaka 1953 Harold Macmillan, waziri wa nyumba, alitoa waraka wa sera, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria iliyoziruhusu halmashauri zote kununua nyumba zilizohukumiwa na kuahirisha ubomoaji, mradi tu nyumba ziweze kutoa makazi ya kiwango kinachotosha kwa wakati huo. Maneno hayo yakaingia kwenye Sheria ya Nyumba ya 1957, nayo ndiyo yaliyokuja kuwa ngao ya Salford mahakamani.

Sisemi kwamba sera hiyo ilibuniwa kwa ubaya. Halmashauri ziliombwa mwaka 1954 na 1955 zihesabu nyumba mbovu, na jumla ya England na Wales ikakaribia 850,000. Liverpool peke yake ilitaja 88,000, zaidi ya nyumba nne katika kila kumi. Manchester 68,000, karibu theluthi. Hakuna mji ungeweza kuhamisha watu hao katika miaka mitano. Kuahirisha kulikuwa lazima. Swali ni nani aliachiwa kubeba gharama ya kuahirisha.

Hapa inafaa kumtazama bwana afya akiwa kazini, kwa sababu mfumo wote ulisimama juu ya macho yake. Hadi 1956 aliitwa mkaguzi wa usafi. Baada ya hapo mkaguzi wa afya ya umma. Na tangu miaka ya 1970 afisa wa afya ya mazingira. Aliingia na tochi na daftari. Alichoma kizingiti cha dirisha kwa ncha ya kisu kuona kama mbao imeoza, akagonga lipu asikie kama imeachana na tofali, akatazama dari kwa alama za maji, akatoka uani kukagua choo na mtaro. Sheria ya 1957 ilimwambia atazame nini: hali ya matengenezo, uimara, unyevu, mwanga wa asili, upitishaji hewa, maji ya kutumia, mitaro na choo, pamoja na mahali pa kuhifadhi na kupika chakula na kumwaga maji machafu. Nyumba ilihesabiwa kuwa haifai ikiwa ina kasoro katika jambo moja au zaidi ya hayo kiasi kwamba si haki kumweka mtu humo katika hali hiyo.

Baada ya hapo njia ziligawanyika. Kama nyumba ingeweza kurekebishwa kwa gharama ya busara ukilinganisha na thamani yake, mwenye nyumba aliandikiwa notisi ya matengenezo, na akikaidi halmashauri iliweza kufanya kazi hiyo yenyewe na kumdai. Kama gharama haikuwa ya busara, nyumba ilikwenda kwenye amri ya kubomoa au kufunga. Na kama mtaa mzima ulikuwa hivyo, mganga mkuu wa afya wa mji aliwasilisha taarifa, na baraza likalitangaza eneo lote kuwa la kubomolewa. Kwenye ramani, nyumba zisizofaa zilipakwa rangi ya waridi. Majengo yasiyo mabovu yaliyoongezwa ili kiwanja kikamilike yalipakwa kijivu. Rangi hiyo ilikuwa na uzito wa fedha, kwa kuwa mwenye nyumba ya waridi kwa kawaida alilipwa thamani ya kiwanja peke yake, kana kwamba juu yake hakuna kitu.

Tarakimu za mabwana afya nazo zilitegemea walichoulizwa. Katikati ya miaka ya 1960 orodha za halmashauri zilionyesha nyumba mbovu karibu 820,000. Mwaka 1967 serikali ilifanya uchunguzi wa sampuli kwa kigezo kimoja nchi nzima, ukifanywa na wakaguzi haohao wa afya ya umma, na jibu likawa karibu milioni 1.8. Halmashauri nyingi zilikuwa zikiorodhesha nyumba ambazo zilidhani zinaweza kuzibomoa, si nyumba zote mbovu. Nyumba ambayo haina zamu kwenye mpango haikuwa na nafasi kwenye orodha.

Sasa turudi kwa mpangaji wa Salford. Nyumba yake iliingizwa kwenye eneo la kubomolewa miaka ya 1960, halmashauri ikainunua, na ubomoaji ukaahirishwa. Angeweza kukimbilia wapi? Hili ndilo eneo la kisa ambalo naona wasimulizi wengi wanalipita haraka, na ndilo lenye uchungu.

Sheria ya 1957 ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba mwenye nyumba anayepangisha kwa kodi ndogo anahesabika kuwa ameahidi nyumba inafaa kukaliwa na itabaki hivyo. Ahadi hiyo ilikuwamo katika sheria za Uingereza tangu 1885. Lakini ilikuwa na kikomo cha kodi: kwa mikataba mipya, pauni 80 kwa mwaka ndani ya London na pauni 52 kwingineko, yaani pauni moja kwa wiki. Bunge halikupandisha kikomo hicho. Kodi zilivyopanda, kinga iliwaacha watu nyuma mmoja mmoja, bila mtu yeyote kuifuta. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mahakama ya Rufaa ikaamua, katika kesi ya Buswell dhidi ya Goodwin, kwamba ahadi hiyo inahusu tu nyumba zinazoweza kurekebishwa kwa gharama ya busara. Soma tena sentensi hiyo. Nyumba ikiwa mbovu kidogo, mpangaji ana haki; ikiwa mbovu kupita kiasi, hana.

Sheria ya 1961 nayo iliwabana wenye nyumba wanaopangisha kwa chini ya miaka saba watengeneze kuta, paa, mabomba na vyoo. Ilikuwa sheria nzuri na imesaidia watu wengi. Hata hivyo ilielekeza kwamba kiwango cha matengenezo kipimwe kwa kuangalia umri wa nyumba, tabia yake, eneo ilipo, na maisha iliyobakiza. Nyumba iliyohukumiwa maisha yake yaliyobaki ni mafupi kwa maandishi ya halmashauri mwenyewe. Na bwana afya je? Hakuweza kumwandikia notisi ya matengenezo mwajiri wake. Mahakama zilikuja kulithibitisha hilo waziwazi miaka ya mwanzo ya 1980, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Cardiff.

Ukiviweka vifungu hivi pamoja unaona mwelekeo mmoja: kila kinga ilidhoofika kadiri nyumba ilivyozidi kuwa mbovu. Zote zilipima jengo. Zilipouliza maswali, ziliuliza kuhusu thamani, gharama na umri wa tofali. Aliyelala ndani yake akikohoa hakuwa kipimo cha lolote.

Ilibaki sheria moja ya ukoo tofauti. Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 ilirithi sheria za karne ya 19 zilizozaliwa na hofu ya kipindupindu, na ilisema kwamba jengo lolote lililo katika hali ya kudhuru afya, au ya kuwa kero, lazima hali hiyo iondolewe. Kwa kawaida halmashauri ndiyo iliyotoa notisi na kwenda mahakamani. Lakini kifungu cha 99 kilimruhusu mtu yeyote aliyeathirika kwenda kwa hakimu mwenyewe, na hakikusema kwamba mshtakiwa hawezi kuwa halmashauri. Wasomaji wa Kenya watazitambua sura za jambo hili: kifungu cha 118 cha Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kinaorodhesha kero kwa lugha ya ukoo uleule.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wapangaji katika miji kadhaa walianza kukitumia kifungu cha 99 dhidi ya halmashauri. Kesi ya mji wa Nottingham ilifika Mahakama Kuu mwaka 1974, nayo pia ilihusu nyumba iliyokuwa kwenye mpango wa kubomolewa. Lord Widgery, Jaji Mkuu, alieleza kwamba kero ikithibitika, mahakimu hawana hiari ya kukataa kutoa amri. Hiari waliyo nayo ni juu ya masharti na muda wa amri hiyo, na hapo wanaweza kutazama mazingira yote, pamoja na tarehe inayotarajiwa ya kubomoa.

Salford ilijenga hoja yake juu ya Sheria ya Nyumba. Kwa maneno yangu, ilikuwa hivi. Bunge limetuagiza tununue mitaa isiyofaa na limeturuhusu tuwaache watu humo kwa muda. Kwa hiyo Bunge lenyewe limekubali kwamba watu watakaa kwenye nyumba zisizofaa. Tukilazimishwa na sheria nyingine kuzitengeneza, ruhusa hiyo inakuwa haina maana, na fedha za nyumba mpya zitaishia kwenye vigae vya paa linalosubiri tingatinga.

Hoja hii si ya kipuuzi, na ningependa msomaji aipe uzito wake. Kila pauni iliyotumika kupiga lipu Salford ilikuwa pauni iliyokosekana mahali pengine. Diwani aliyekuwa na orodha ndefu ya familia zinazosubiri nyumba alikuwa na sababu ya kweli ya kuogopa mamia ya mashtaka ya aina hii.

Lakini hakimu alitoa amri dhidi ya halmashauri, Mahakama Kuu ikaikubali, na Baraza la Malodi likaikubali pia. Hukumu ya Lord Wilberforce ndiyo inayosomwa hadi leo. Alitenganisha mambo mawili ambayo halmashauri ilikuwa imeyachanganya. Kufaa kukaliwa ni kigezo cha Sheria ya Nyumba: kinaamua hatima ya jengo. Kudhuru afya ni kigezo cha Sheria ya Afya ya Umma: kinaamua hali ya leo ya anayeishi humo. Nyumba inaweza kuwa haifai kwa kigezo cha kwanza bila kudhuru afya ya mtu, kwa mfano kwa mpangilio au mwanga wake. Kwa hiyo ruhusa ya kuiacha nyumba isiyofaa haikuwa ruhusa ya kuiacha ikidhuru. Sheria zote mbili zinaweza kusimama pamoja. Aliwaonya pia mahakimu wasilete maneno ya Sheria ya Nyumba kwenye kesi za afya. Washike maneno ya sheria iliyo mbele yao.

Nguvu ya uamuzi huu, kwa maoni yangu, ni kwamba ulikataa kumlipisha mpangaji deni la mpango wa mji. Na ulifanya hivyo bila kuubomoa mpango wenyewe, kwa kuwa amri inaweza kulenga ubovu mmoja mmoja. Kuziba mtaro unaoleta panya ni kazi ndogo ya fundi. Kubadilisha vigae vilivyovunjika na kuweka kioo dirishani si ujenzi mpya. Hata kama nyumba imebakiza mwaka mmoja, mwaka huo mtoto anaweza kuupitisha bila panya.

Udhaifu wake upo pia, na umo ndani ya ile hiari ya masharti. Hakimu aliyeambiwa kwamba tingatinga litafika baada ya miezi michache aliweza kuagiza kidogo sana, na tarehe ya tingatinga ilitoka kwa halmashauri, yaani kwa mshtakiwa. Miaka ya 1960 na 1970 tarehe hizo zilikuwa zikisogezwa mbele mara kwa mara kila fedha zilipopungua. Ningependa mahakimu wangelazimika kuipima tarehe hiyo kwa ushahidi, kama walivyopima unyevu. Jambo lingine ni kwamba mzigo wote ulibaki kwa mpangaji: atambue kifungu, aandike malalamiko, atafute mtaalamu wa kuthibitisha, kisha asimame mahakamani dhidi ya ofisi inayompangia nyumba yake ijayo. Wengi hawawezi kufanya hivyo, na si kwa woga tu.

Wakati hukumu inatoka, nchi ilikuwa tayari imeanza kugeuka. Kamati ya Evelyn Denington ilitoa wito mwaka 1966 wa kuzitunza nyumba kongwe, Sheria ya Nyumba ya 1969 ikaanzisha maeneo ya kuboreshwa kwa jumla, na ile ya 1974 ikaelekeza fedha kwenye maeneo yenye dhiki zaidi. Ubomoaji ukapungua, na safu nyingi ambazo zingepakwa rangi ya waridi zikawekewa bafu, maji ya moto na paa jipya badala yake.

Haki ya mpangaji kumfikisha mwenye nyumba kwa hakimu kwa sababu ya kero haikufa. Ilihamishiwa kwenye kifungu cha 82 cha Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya 1990, na mawakili wa wapangaji wa halmashauri wameitumia kwa miongo kadhaa, wakinukuu hukumu ya Salford. Ile ahadi ya kufaa kukaliwa, iliyokwama kwenye pauni 52 kwa mwaka, ilisubiri zaidi. Ni sheria ya 2018, iliyoanza kutumika England tarehe 20 Machi 2019, iliyoondoa kikomo hicho cha kodi na kuwapa wapangaji, pamoja na wale wa halmashauri, njia ya kumshtaki moja kwa moja mwenye nyumba ambaye nyumba yake haifai.